Kifurushi cha "kimataifa" kisichopiga Oman: salio la mama limeliwa katikati ya maongezi

Wakuu, nimekaa na hili tangu Ijumaa nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Mdogo wangu yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, mwaka wa pili huu. Simu anakuwa nayo mkononi siku ya Ijumaa tu, kuanzia saa nane na nusu mchana kwa saa za huku, kule ni saa tisa na nusu. Muda huo ukipita, ni mpaka Ijumaa nyingine. Mama yuko Muheza na ana kitochi. Kwa hiyo mtakaokuja na "si mtumie WhatsApp", nawajibu mapema: kitochi hakina WhatsApp, na hata mimi mwenye simu janja nikimpigia mdogo wangu kwa njia hiyo, inazunguka tu, inasema inaunganisha, halafu inakata. Wenye ndugu Muscat na Dubai wanaijua hii. Ujumbe unapita, sauti ya kurekodi inapita, simu yenyewe haipiti, kwa sababu nchi zile zinabana simu za intaneti. Mama anataka amsikie mwanawe akiitika. Sauti ya kurekodi haiitiki.

Basi Alhamisi usiku nikaingia kwenye menyu ya vifurushi vya mtandao anaotumia mama. Kuna kipengele kimeandikwa "Kimataifa". Dakika 20, siku 7, shilingi 5,000. Nikamnunulia. Meseji ikamfikia: hongera, umepata dakika 20 za kimataifa, vigezo na masharti kuzingatiwa. Hakuna jina la nchi hata moja. Nikamwongezea na salio la 10,000 la akiba, iwapo dakika zitaisha kabla hawajamaliza.

Ijumaa wakaongea. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za huko. Mdogo wangu akaanza kueleza kuwa mkataba wake unakaribia kuisha, bosi anamtaka abaki, na yeye kuna jambo anataka mama alijue kabla hajajibu. Hapo hapo simu ikakatika. Haikufika hata dakika saba. Mama akadhani mtoto amenyang'anywa simu. Akapiga tena, akaambiwa hana salio la kutosha. Akanipigia kwa simu ya jirani analia, na mimi niko Dar.

Nimewapigia huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki karibu nusu saa. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, sina ugomvi naye. Akasema: "Dada, Oman haimo kwenye kifurushi hicho. Kuna India, China, Marekani, Kanada na nchi nyingine chache. Simu ya Oman imekatwa kwenye salio la kawaida." Nikamuuliza orodha hiyo imeandikwa wapi. Kwenye tovuti. Yaani mama wa miaka 63 mwenye simu ya batani, kabla ya kumpigia mwanawe, aingie kwenye tovuti! Na zile dakika 20 zipo vile vile, hazijaguswa, zinakwisha Alhamisi. Mama hana mtu China wala Kanada. Nikaomba warudishe 5,000. Jibu: kifurushi kikishanunuliwa hakirudishwi.

Nimeuliza watu wanaoelewa mambo haya kwa nini Oman huwa haiwekwi. Mtandao wa huku unapopeleka simu nje, unaulipa mtandao wa kule kwa kuipokea hiyo simu. Marekani na Kanada malipo hayo ni madogo, na simu ya mkononi ni sawa na ya mezani, ndiyo maana utazikuta karibu kila kifurushi. Nchi za Ghuba wanatoza sana. Sawa, biashara naielewa, na kama Oman ni ghali niambieni bei yake nijipange. Lakini huwezi kuniandikia "kimataifa", ukapokea hela yangu, halafu nikipiga nchi usiyoitaka unakaa kimya na kuingia kwenye akiba. Mtambo wenu ulijua tangu tarakimu ya tatu, +968, kwamba namba ile haimo. Ungeshindwa nini kumwambia mama kwa sauti, "namba hii haimo kwenye kifurushi chako, utakatwa shilingi kadhaa kwa dakika, bonyeza 1 kuendelea"? Mbona akiwa anadaiwa salio la kukopa mnamkumbusha kila akishika simu?

Shangazi yangu naye yalimkuta kwa Uingereza, mtandao mwingine kabisa. Kifurushi kilikuwa kinapiga simu za mezani tu. Namba za mkononi za kule, zile za +44 zinazofuatiwa na 7, zilikuwa zinakula salio. Sasa Uingereza ya leo nani anampigia ndugu yake simu ya mezani?

Tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza, nchi nzima ilipiga kelele mpaka zikasitishwa. Kelele ile ilikuwa ya bando za ndani na intaneti. Za nje sioni wa kuzisemea, wakati Tanga, Singida, Unguja na Pemba zimejaa nyumba zenye binti Oman, na wanaopiga ni wazee wenye vitochi, ambao hata wakikatwa hawajui wamekatwa kwa nini.

Malalamiko nimeyaandika kwa maandishi na nimepewa namba ya kumbukumbu. Wakinyamaza nakwenda TCRA, mamlaka inayosimamia mitandao ya simu, na zile meseji zote, sijafuta hata moja.

Naomba msaada kwa wenye ndugu Muscat, na nataka mambo mliyoyajaribu wenyewe, matangazo nimeshayasoma ya kutosha. Ni mtandao gani kifurushi chake kinapiga namba za mkononi za Oman kweli? Kinahesabu kwa sekunde, au ukiongea dakika moja na sekunde tano unakatwa dakika mbili? Na dakika zikiisha simu inakatika, au inahamia kwenye salio bila kusema? Mama ameshaniuliza mara mbili leo kama Ijumaa hii watamalizia maongezi yao, na mdogo wangu anatakiwa kumjibu bosi wake kabla ya mwisho wa mwezi.