Tangi la maji ya bahari lisilo na mchanga: niweke samaki gani?

Kidau_Likoni
Assalam aleikum wana-tangi. Langu ni la lita 200 (sm 100 kwa 45 kwa 45), mawe kilo 20, chini ni kioo kitupu. Mchanga sitaki: pampu huurusha na uchafu hujificha ndani yake. Amonia na nitraiti (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki) zimesoma sifuri wiki mbili mfululizo. Muuzaji ananishauri samaki Halichoeres wa manjano na samaki gobi anayechekecha mchanga. Watakaa? La sivyo, nichukue nani?

FundiKioo
Wa aleikum salaam. Hao wawili waache. Kabla ya kuuliza samaki anakula nini, uliza analala wapi.

Halichoeres na jamaa zake Coris na Macropharyngodon hujifukia mchangani jua likizama. Kwenye kioo kitupu hupiga kichwa chini wakitafuta pa kuzama. Midomo huchubuka, kidonda huoza, na samaki huacha kula. Gobi wa Valenciennea (ndiye huyo mchekecha mchanga) kinachomuua ni njaa. Kazi yake ni kuchota mchanga kwa mdomo, kubakiza vijidudu na kuutolea mashavuni. Bila mchanga utamwona tumbo limebonyea na mgongo umechongoka, hata kama anadokoa chakula chako.

Chukua wanaolala mwambani au wanaoelea. Kwa lita 200 ningeweka sita tu: Pterapogon kauderni (kadinali wa Banggai) wawili waliokwisha kushikana jozi, Nemateleotris magnifica (samaki mwembamba mwenye mkia mwekundu) mmoja, Ecsenius midas mmoja (hulala tunduni, mkia ndani kichwa nje), na samaki klauni jozi. Klauni wa Amphiprion akallopisos yupo pwani yetu na ni mpole kuliko wenzake wengi. Anza na Nemateleotris maana ni mwoga, klauni waingie mwisho kabisa. Pisha wiki mbili au tatu kila unapoongeza. Funika juu kwa wavu wa matundu ya mm 6, Nemateleotris huruka usiku.

Dascyllus trimaculatus, yule mweusi mwenye madoa meupe, usidanganyike na udogo wake. Akikua atawatesa wote. Na kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, hana shida na kioo kitupu, ila hupita sm 20 na anataka mbio ndefu. Tangi lako ni dogo kwake.

Bamvua
Naongeza ya chini. Kioo kitupu huakisi, na samaki mgeni hushtuka akiona kivuli chake. Tangi likiwa tupu ungepaka rangi upande wa nje. Kwa vile limeshajaa, tumia ubao mweupe wa plastiki wa kukatia mboga, ukatwe kwa kipimo. Plastiki hiyo huelea, kwa hiyo mawe yaukalie. Usiache kingo zimeinuka, kinyesi kitaingia chini yake na nitreti (zao la mwisho la uchafu huo) itapanda bila wewe kuona chanzo.

Bila mchanga umepoteza makazi ya bakteria wanaosafisha maji, ndiyo maana mawe au vipande vya seramiki kwenye kichujio ni lazima. Elekeza pampu mbili ili uchafu ukusanyike pembe moja, ufyonze kwa mpira mara mbili kwa wiki, na ubadilishe maji lita 20 kila wiki.

Kidau_Likoni
Shukran sana. Halichoeres nimempenda mno. Nikimwekea trei ya mchanga?

FundiKioo
Inawezekana. Trei ya sm 30 kwa 20, mchanga laini wa chembe zisizozidi mm 1, kina sm 6 hadi 8. Iweke mbali na pampu na usiibadilishe mahali, maana Halichoeres hurudi palepale kila magharibi. Gobi wa Valenciennea trei haimtoshi. Ukitaka ndugu yake Halichoeres asiyehitaji mchanga, tafuta Cirrhilabrus, yeye hulala mwambani ndani ya utando wa ute.

Bamvua
Na hili la msimu wa kaskazi: maji yakipita nyuzi 28 oksijeni hupungua. Elekeza feni juu ya maji. Unyevu wa Mombasa huipunguzia nguvu, lakini nyuzi moja au mbili utapunguza. Kinachokauka ni maji, chumvi hubaki, kwa hiyo jazia maji yasiyo na chumvi wala klorini, hadi refraktomita (kipima chumvi) isome 35, yaani gramu 35 kwa kilo ya maji. Maji ya bahari chota yakiwa yamejaa, mbali na bandari ya Kilindini na hori ya Tudor, na wakati wa masika subiri mvua ikatike siku kadhaa. Samaki na mawe usitoe ndani ya hifadhi ya bahari, ni marufuku.