Wauza chakula cha paka Unguja, tuonesheni gunia!

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina hasira, na sitaki kuificha.

Kuna mtindo umeshika kasi hapa mjini. Mwenye duka anafungua gunia la chakula kikavu cha paka, analimwaga kwenye ndoo, halafu anatupimia kilo kilo ndani ya vifuko vya nailoni visivyo na herufi hata moja. Jina hakuna, tarehe hakuna, kilichomo hakijulikani. Ukiuliza, unaambiwa "hiki kizuri, kinatoka sana".

Duka lenyewe silitaji. Nilinunua hapo, nikafika nyumbani, kufungua tu ikanipiga harufu ya mafuta yaliyochacha. Paka wangu wakanusa, wakageuka. Nikarudi na kifuko changu mkononi, nikamwambia kijana kwa upole: mwanangu, nioneshe gunia kilikotoka hiki. Akasema limeshatupwa. Nikamwambia basi nirejeshee pesa zangu. Hapo mwenzake akaingia stoo akalivuta. Picha iliyo juu ya gunia ni ya mbwa. Mbwa, jamani! Na kijana hata hakutahayari: "Mama, chote hicho chakula cha mnyama. Paka hajui kusoma."

Anayesoma ni mimi, na pesa ni zangu! Sikurejeshewa hata senti.

Najua watakuja watu hapa chini kusema mbwa na paka wote wanyama, tofauti nini. Tofauti ipo na inaua. Paka lazima ale kinachotokana na mnyama, mwili wake umeumbwa hivyo. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini. Mbwa kwa kawaida hujitengenezea mwilini kutokana na protini anazokula. Paka hutengeneza kidogo mno, kwa hiyo isipokuwemo kwenye sahani yake hana pa kuipata. Mwaka 1975 watafiti walionesha kwamba paka aliyenyimwa taurini huharibika utando wa nyuma ya jicho na mwisho hupofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonesha kwamba upungufu huo huo hutanua moyo wa paka na kuulegeza mpaka ushindwe kusukuma damu. Baada ya hapo viwanda vikaongeza taurini kwenye chakula cha paka. Cha paka, si cha mbwa!

Na si taurini peke yake. Mbwa anaweza kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, paka hawezi. Kanuni za AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, zinataka chakula cha paka mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 26 ukishatoa maji, na asilimia 30 kwa paka mtoto au mwenye mimba. Kwa mbwa mzima wanaridhika na 18. Sasa mimi nina paka ananyonyesha, nauziwa punje za mbwa, naambiwa ni "kizuri". Madhara yake hayaonekani wiki ijayo, huchukua miezi. Ndiyo maana muuzaji halimshughulishi. Paka akipofuka, nani atakumbuka kifuko cha nailoni?

Tuseme gunia ni la paka kweli. Bado kumwaga kwenye ndoo ni kuharibu. Punje hizi zikishapikwa kiwandani hupakwa mafuta kwa nje, ndiyo yanayompa paka hamu. Mafuta hayo yakikaa na hewa na joto huchacha, na vitamini hupotea pamoja nayo. Na hapa kwetu, joto la kaskazi na unyevu wa masika, ndoo iko wazi mlangoni mwa duka, punje zinalainika, zinaota ukungu. Gunia limeandikwa tarehe ya mwisho, lakini tarehe ile ni ya gunia lililofungwa. Likishafunguliwa kinachohesabika ni siku lilipofunguliwa, na hiyo wanaijua wao tu.

Halafu wanatwambia wanatusaidia sisi wanyonge tusioweza kununua mfuko mzima. Tupige hesabu. Paka wa kilo nne anatosheka na kalori kama 230 kwa siku. Chakula kizuri chenye kalori 380 kwa gramu 100 atakula gramu 60 hivi, kilo moja inapita siku 16. Chakula kilichojazwa mahindi na pumba, chenye kalori 320, atataka gramu 72, kilo inaisha kwenye siku 14. Sasa tuseme kizuri ni shilingi 12,000 kwa kilo na hafifu ni 10,000. Kwa siku kizuri ni kama 720, hafifu kama 720 vile vile! Kwa hiyo unafuu huo uko wapi? Umebaki kwenye droo ya muuzaji. Na hesabu hii siwezi kuipiga bila ya kuona kalori zilizoandikwa kwenye mfuko, ndiyo maana wanatuficha mfuko.

Mfuko ukiwa mbele yako huhitaji kuwa daktari. Vitu vinaandikwa kwa uzito, kilicho kingi mwanzo. Ukikuta kuku au samaki anaanza, vizuri. Ukikuta mahindi yanaanza, mahindi mengine yanafuata, na nyama iko huko chini, rudisha. Angalia kama wameandika kwamba ni chakula kamili kwa paka, na wa umri gani, maana vipo vya kuonjesha tu. Wanga hawauandiki, utautafuta mwenyewe: 100 toa protini, mafuta, unyevu, nyuzinyuzi na majivu, yaani madini yaliyomo. Kwenye mfuko wenye protini 30, mafuta 10, unyevu 10, nyuzinyuzi 3 na majivu 8, wanga ni 39. Na maneno ya "bila nafaka" yasiwapandishie bei, mara nyingi nafaka inatolewa, viazi au dengu vinatiwa mahali pake.

Jengine linaloniudhi ni hili la "paka wa Zanzibar tangu zamani anakula dagaa, mmeanza uzungu". Paka wa Malindi sokoni anakula vichwa na matumbo ya samaki, anakamata panya, mjusi, ndege. Panya mzima ana taurini yake. Paka wa ghorofani Michenzani mlango umefungwa, anakula unachomtilia wewe. Ukimpa dagaa wabichi kila siku, aina hizo zina kitu kinachovunja vitamini B1. Ukiwachemsha kinakufa, lakini wale wakavu wa kununua wameshachemshwa kwa maji ya chumvi. Wali na mchuzi ndiyo kabisa, vitunguu maji na thomu vinavunja damu ya paka. Samaki wa kuchemsha bila chumvi, kidogo juu ya punje, sawa. Kuwa ndiyo chakula chenyewe, hapana. Sote tumefundishwa chuo cha Kurani hadithi ya Mtume ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Ukimfungia, chakula chake ni dhamana yako.

Na maji, jamani. Punje zina unyevu wa asilimia kumi tu, kwa hiyo bakuli la maji lisikauke. Dume likichuchumaa likashindwa kukojoa, usingoje asubuhi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Ninachodai si kikubwa. Mkitaka kupima kwa kilo, pimeni, lakini gunia liwe mbele yetu, limekunjwa mdomo, na siku lilipofunguliwa imeandikwa kwa kalamu. Mteja akitaka kupiga picha maandishi asifukuzwe. Na wanaosimamia viwango wapite na huku kwenye ndoo.

Mwenye kujua duka linalouza mifuko midogo iliyofungwa, yenye tarehe, aandike hapa chini mtaa na bei ya kilo. Na ndugu zetu wa Pemba, wa Chake na Wete, semeni mnapata wapi, maana dada yangu yuko Wete na anachoshushiwa na boti ni hivi hivi vifuko vya nailoni, vimeshafungwa huku kwetu.