Risasi za kiwandani au za kujaza mwenyewe: ipi ya kujilindia?

Duka_Makupa
Assalaam aleikum, na salaam kwa wote. Nina duka la vifaa vya ujenzi upande wa Makupa, Mombasa, na leseni ya bastola ninayo tangu kabla ya ule uhakiki wa wenye silaha wa 2018. Mwaka jana nilimtembelea binamu yangu Ohio. Gereji yake nusu ni ya gari, nusu ni ya mashine ya kujazia risasi. Anaokota maganda uwanjani, anayasafisha, anatia fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), anapima baruti, anashindilia kichwa (ile ncha inayoruka), risasi iko tayari. Aliniapia kwamba zake ni bora kuliko za dukani, na ndizo anazoweka kwenye bastola ya kando ya kitanda.

Nimerudi na swali hilo. Kila jioni natoka dukani na mauzo hadi nyumbani Tudor. Siku nikiihitaji ile bastola, risasi moja ikikataa, watoto wangu wamebaki mayatima. Sitaki ubishi wa nani hodari. Nataka kujua, kwa kujilinda tu, ipi bora na kwa nini.

Mvita_Houston
Waaleikum salaam ndugu yangu. Mimi mzaliwa wa Kizingo, niko Texas, na najaza zangu tangu 2013. Acha nimtetee binamu yako, kwa sababu huko nyumbani mtu akisikia "kujaza mwenyewe" anafikiria mambo ya uchochoroni. Hapa Marekani mtu anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu. Akitaka kuuza, hapo ndipo lazima awe na leseni ya utengenezaji. Watengenezaji wa baruti wenyewe hutoa vitabu vya vipimo, na kuna mpaka wa shinikizo: kwa 9mm, SAAMI, taasisi ya Marekani ya viwango vya silaha na risasi, imeweka pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Mtu makini anabaki chini ya hapo.

Mwaka wa 2020 na 2021 maduka yalikauka huku. Aliyekuwa na akiba ya fataki na baruti aliendelea kufanya mazoezi, wengine wakatazamana. Halafu kuna usahihi. Bastola yangu hupenda kichwa cha greini 124, yaani kama gramu 8, na naweza kuipa hicho hicho kila siku. Kiwandani mashine inatema risasi kwa maelfu, hakuna jicho la mtu juu ya kila moja. Zangu nimezitazama moja moja. Nimewahi kufungua boksi jipya la kiwandani nikakuta fataki imewekwa kichwachini. Hiyo isingelia abadan.

Msimamizi
Ukumbusho kabla hamjaendelea: mtu yeyote asiandike hapa vipimo vya baruti. Ujumbe mmoja nimeshauondoa. Linganisheni, lakini tusimfundishe mtu kutengeneza.

Fundi_Mstaafu
Mwanangu wa Makupa, na wewe wa Houston, niwieni radhi, nitaandika marefu. Nilikaa ghala la silaha miaka 26, kazi yangu kukagua bunduki na risasi zake.

Kwanza, kujaza mwenyewe hakukuletwa na mashine za Marekani. Babu yangu upande wa Shimba alikuwa na gobori. Baruti kwenye pembe, marisau kwenye mfuko wa ngozi, fataki kazifunga kitambaani zisiingie unyevu. Kila mlio aliujaza kwa mkono wake, akaushindilia kwa mdeki. Masika moja gobori ilikataa kulia. Akachanganyikiwa, akadhani hakuwa ameijaza, akajaza tena juu ya ile ya kwanza. Mtutu ulipasuka. Mimi nilipopata akili nilimkuta hana kidole gumba cha kushoto, na kisa hiki alitusimulia kila tulipoishika ile bunduki.

Kosa lile lile lipo kwenye mashine ya kisasa. Baruti ya leo isiyo na moshi ina nguvu nyingi kwa kiasi kidogo. Baruti nyingi za bastola hukaa chini ndani ya ganda na juu pakabaki nafasi tupu. Basi mtu akipigiwa simu, akirudi amesahau alipofika, akamimina mara ya pili, ganda halifuriki. Anafunga kichwa, na kwa nje inafanana na wenzake. Akisahau kumimina kabisa, hiyo nayo inafanana.

Hii isiyo na baruti ndiyo ninayoiogopa zaidi. Fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa hadi ndani ya mtutu kikakwama. Mlio wake ni "pwa" dogo, na mtu aliyejaa hofu hausikii. Anakoki bastola upya, anafyatua tena, risasi ya pili inaigonga ya kwanza na mtutu unaweza kupasuka mkononi. Uwanjani mchana kuna mwenzako wa kukupigia kelele usimame. Sebuleni kwako saa 8 usiku atakuambia nani?

Viwanda pia hukosea, Houston hakudanganya, na fataki kichwachini nimeiona mimi pia. Lakini kiwanda huchukua sampuli za kila fungu, kikazifyatua kwenye mtutu wa kupimia shinikizo, na boksi lina namba ya fungu. Kasoro ikijulikana, fungu zima huitwa lirudi. Fungu la gereji ataliita nani? Yule yule aliyekosea, ambaye hajui kwamba amekosea.

Mwisho ni bahari. Risasi nyingi za kijeshi na za kujilindia huzibwa kiwandani kwa vanishi kuzunguka fataki, na pengine pale kichwa kinapoingia kwenye ganda. Wajazaji wengi wa nyumbani hawazibi. Sisi tunaishi kisiwani. Kusi inapoanza, Aprili na Mei, hata chumvi ya jikoni inashikana. Nimefungua masanduku ya chuma hapa Mombasa nikakuta maganda yameota kijani, ilhali ya umri ule ule yaliyotoka bara yanang'aa.

Duka_Makupa
Shikamoo Mzee. Nimeusoma mara mbili. Hilo la kusahau ulipofika limenigusa, maana binamu yangu alikuwa akinisimulia habari za nyumbani huku mkono wake unafanya kazi.

Fundi_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Mwambie azime simu na afukuze wageni. Wajazaji wazuri hufanya hivyo, na Houston atakuthibitishia.

Mvita_Houston
Nathibitisha, Mzee. Kwangu mlango unafungwa, na kila ganda namulika tochi ndani kabla ya kuweka kichwa.

Wakili_Ganjoni
Nazungumza upande wangu, wa kesi za jinai. Ndugu wa Makupa, kwako wewe hakuna chaguo mbili. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti chako kitaje silaha uliyonayo na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kukaa nazo kwa wakati mmoja. Hiyo ni ruhusa ya kununua na kumiliki. Si ruhusa ya kutengeneza. Baruti nayo ina sheria yake ya vilipuzi, Sura ya 115. Mtu mwenye cheti cha kawaida akiingiza mashine na mikebe ya baruti nyumbani Tudor, anajiweka mahali ambapo nisingependa kuja kumtetea. Mwenye swali aende kwa Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kuagiza hata bisibisi.

Lakini tuseme sheria ingeruhusu. Bado ningekuambia kiwandani, kwa sababu ya kinachofuata baada ya mlio. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujitetea kutapimwa kwa kanuni za sheria ya Uingereza iitwayo "common law", na majaji wetu mara nyingi hurejea kesi ya Palmer ya 1971, iliyotoka Jamaica ikaamuliwa na Baraza la Faragha (Privy Council), mahakama ya rufaa kule London. Kesi ile inakubali kwamba mtu anayeshambuliwa hana nafasi ya kukaa na mizani apime nguvu yake. Hata hivyo utaulizwa: alikuwa umbali gani? Alikuwa anakujia au anakimbia? Wewe utasema hatua mbili. Mwingine atasema hatua kumi.

Hapo ndipo mabaki ya baruti kwenye nguo na ngozi yanaposema. Mtaalamu huchukua bastola yako na risasi kama zako, anafyatua kwa umbali mbalimbali, analinganisha. Kama zako ni za kiwandani, atapata nyingine za aina hiyo hiyo, hata za fungu hilo hilo. Kama ulizijaza wewe, ushahidi wa kilichokuwamo ni neno lako na daftari lako, nawe ndiye mshtakiwa.

Jambo hili lilitokea New Jersey. Mwaka 1989 mwanamke alikufa kwa risasi nyumbani kwake, mumewe akasema alijipiga mwenyewe. Bastola ilikuwa na risasi alizojaza mume, nyepesi kuliko za kawaida. Upande wa mashtaka ulifanya majaribio kwa risasi za kiwandani zenye nguvu zaidi, zikaacha mabaki kwa umbali ambao mkono wa marehemu usingeufikia, na kwake mabaki kama hayo hayakuonekana, ndipo ukadai hakujipiga mwenyewe. Kesi ilisikizwa zaidi ya mara moja, ikaishia mume kuhukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwandishi wa Marekani Massad Ayoob ameitumia kesi hiyo miaka mingi kuwaonya watu.

Mvita_Houston
Wakili, nakuheshimu, lakini kesi ya New Jersey haikuwa ya kujitetea. Ilikuwa ya mtu anayedaiwa kujiua. Watetezi wa kujaza husema hivyo kila Ayoob anapotajwa, nami nawaunga mkono. Mtu aliyefyatua kwa haki hafungwi kwa sababu ganda lake alilijaza mwenyewe.

Wakili_Ganjoni
Ni kweli, haikuwa ya kujitetea, wala sikusema mtu atafungwa kwa sababu alijaza. Nasema swali la umbali ni lile lile. Haki yako lazima mtu mwingine aweze kuipima, na ukijaza mwenyewe umemnyima kipimo.

Mvita_Houston
Hapo umenishika. Za mazoezi nitaendelea kujaza. Ya kando ya kitanda nitaifikiria upya, nasema kweli.

Binti_Shabaha
Salaam zenu. Mimi ni mlengaji shabaha, nafanya mazoezi upande wa Bamburi. Nawaona mmekubaliana kwa haraka kwamba "kiwandani" ni kitu kimoja. Si kimoja.

Risasi ya mazoezi yenye kichwa cha mviringo kilichofunikwa chote kwa shaba hupenya sana. Fikirieni nyumba zetu. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo ina vyumba pande mbili za ukumbi, na kila chumba kina familia. Kisauni kuna kuta za mabati. Ukuta wa mawe ya matumbawe wa Mji wa Kale utaizuia, lakini bati halitaizuia, na mlango wa mbao pia. Baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 1986, ambapo maafisa wawili wa FBI waliuawa, FBI ilitunga majaribio ya kufyatua kwenye jelatini, kitu laini kinachoshika nafasi ya nyama ya mwili: kichwa kiingie kati ya inchi 12 na 18, takriban sentimita 30 hadi 46, hata kikipitia nguo nzito. Kisipungue, kisizidi. Risasi za kujilindia za viwanda vikubwa hutengenezwa zikilenga kipimo hicho. Mjazaji wa gereji anaweza kununua kichwa kama hicho, lakini hajui kitafunguka vipi kwa mwendo aliokipa yeye, labda naye awe na jelatini yake.

Kaka wa Makupa, muulize muuzaji wako mwenye leseni ni aina gani cheti chako kinakuruhusu. Halafu usiziweke tu ndani ukasahau. Piga angalau boksi moja la aina hiyo hiyo kwa bastola yako hiyo hiyo, uone kama inazimeza zote.

Na jambo ambalo nimeliona kwa wengi: mtu kila usiku anatoa risasi chemba, yaani pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa, asubuhi anairudisha ile ile. Kila ikisukumwa, kichwa kinaweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Kikizama, nafasi ya ndani inapungua na shinikizo linapanda. Ilinganishe na nyingine ya boksi hilo hilo. Ukiona ni fupi, usiifyatue.

Fundi_Mstaafu
Binti, Mungu akuweke. Hilo la kichwa kuzama nilipaswa kulisema mimi.

Duka_Makupa
Nimetoka kufungua sanduku sasa hivi. Risasi zangu ni za kiwandani, za 2015, na sijazigusa tangu hapo zaidi ya kuzihesabu na kuingiza na kutoa ile ya juu. Nne zina alama ya kijani kuzunguka fataki. Moja, ile inayokaa juu daima, ni fupi kuliko wenzake, inaonekana kwa jicho. Yaani nilikuwa nabishana juu ya gereji ya binamu huku yangu iko hivi. Nizipake mafuta kidogo, au nifanye nini nazo?

Fundi_Mstaafu
Usipake mafuta, mwanangu. Mafuta yanaweza kupenya hadi kwenye fataki na kuiua, na risasi kwa nje itakuwa inang'aa. Hizo tano zitenge kwenye mkebe peke yake, uandike "mbovu". Usizitupe baharini wala jalalani, watoto wa mtaani wataziokota. Kesho zichukue pamoja na cheti chako, uende kwa muuzaji wako au kituo cha polisi, uzikabidhi, na uhakikishe zimeandikwa daftarini kwamba hunazo tena. Zilizobaki zifanyie mazoezi kwa huyu binti huko Bamburi. Ukinunua mpya, weka ndani ya sanduku vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe kabla ya masika.

Duka_Makupa
Nimezitenga, Mzee. Kesho saa 3 asubuhi niko kwa muuzaji. Dada Binti, Jumamosi uwanja unafunguliwa saa ngapi?

Binti_Shabaha
Mimi hufika saa 2. Njoo na kinga ya masikio, na ile fupi usije nayo.