Pawa saplai inagoma asubuhi ingawa kapasita zilizovimba nimeshazibadilisha

Swali

Habari zenu mafundi. Ninaishi Njombe, na kompyuta ya mezani ninayochapia barua za wateja dukani ina pawa saplai (kisanduku kinachoigawia umeme) ya zamani ya wati 350. Mwezi uliopita niliifungua nikakuta kapasita tatu (vikopo vya kuhifadhi umeme) za upande wa kutolea umeme zimevimba vichwa, mbili za ujazo wa mikrofaradi 2200 na moja ya mikrofaradi 1000, ambayo ilikuwa imevuja ute wa kahawia hadi kwenye bodi. Nilizing'oa, nikasafisha, nikalehemu mpya za vipimo vilevile.

Hata hivyo, tatizo halijaisha. Asubuhi, baridi ikiwa kali, nikibonyeza swichi feni hushtuka robo mzunguko kisha hutulia. Lakini ifikapo saa tano, jua likishapasha bati, mashine huwaka bila ubishi. Nikiwa na haraka huipulizia hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele, nayo huwaka. Waya wa zambarau hupima volti 3.9 asubuhi na volti 5.05 mchana. Je, nishuku kapasita ipi, ilhali zilizobaki zote ni bapa kichwani?

Jibu la kwanza

Ndugu, jibu umekuja nalo mwenyewe katika vipimo vya waya wa zambarau. Waya huo ni wa stendibai, na unatakiwa kuwa kati ya volti 4.75 na 5.25 hata kompyuta ikiwa imezimwa, kwa sababu ndio unaoipa bodi kuu uwezo wa kuiamuru pawa saplai iwake. Zile tatu zilikuwa mbovu kweli, ila sizo zilizokuwa zikikuzuia.

Itafute transfoma ndogo ya stendibai, kisha utazame upande wake wa umeme mkubwa. Aghalabu utakuta kapasita nyembamba kama penseli, ya mikrofaradi 10 hadi 47 na volti 50, imebanana na rezista (kipande cha kuzuia umeme) inayochemka mchana kutwa. Kapasita ndogo za namna hiyo nyingi hazina mikato kichwani, hivyo hukauka kimyakimya bila kuvimba. Elektroliti, yaani ute wa ndani, ikishapungua, baridi huupandisha ukinzani wa ndani, ule mafundi wanaouita ESR, na joto huushusha. Ndiyo maana mashine ya nywele inakusaidia.

Lakini acha dawa hiyo leo. Katika baadhi ya pawa saplai za zamani, ambazo stendibai yake huendeshwa na transista mbili bila IC (chipu), kapasita hiyo ikikauka kabisa volti hupanda badala ya kushuka, na kinachoungua ni bodi kuu.

Jibu la pili

Naongezea, kwa kuwa sasa anaelekezwa upande wa hatari. Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye dayodi, zinazougeuza uwe wa mkondo mmoja, hufikia takriban volti 325 katika kapasita mbili kubwa, na unaweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Usizigusishe kwa bisibisi. Chukua rezista ya kiloomu 10 yenye wati 5 au zaidi, ishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, iunganishe kwenye miguu ya kila kapasita kwa sekunde 20 hivi, halafu pima kwa mita kabla ya kuingiza kidole.

Hizo tatu ulizoweka zimeandikwa kuvumilia joto la nyuzi 85 au 105? Upande wa kutolea umeme unahitaji za nyuzi 105 zenye ESR ndogo. Za kawaida zitavimba tena, hata kama mikrofaradi zinalingana. Volti zilizoandikwa kwenye kapasita mpya zikizidi kidogo za ile ya zamani si neno, mradi kopo lienee mahali pake. Tazama pia uzito: mimi niliwahi kuchana ganda la kapasita kubwa niliyouziwa kuwa mpya, nikakuta ndani kopo dogo la volti pungufu limevishwa koti la kaka yake.

Mwisho, mstari ulio ubavuni mwa kapasita ni hasi, lakini nusu duara iliyotiwa rangi kwenye bodi haina maana moja kwa watengenezaji wote. Piga picha kabla ya kung'oa.

Muulizaji anarejea

Nawashukuru nyote. Niliikuta palepale mlipoelekeza, ya mikrofaradi 22 na volti 50, imeegemea rezista iliyoubabua ubao. Kwenye mita yangu ilisoma mikrofaradi 18, nikakaribia kuirudisha, kwa sababu upungufu huo bado umo ndani ya asilimia 20 inayoruhusiwa. Nikaipeleka kwa jirani yangu, fundi wa televisheni mwenye kipimo cha ESR: ya zamani ilisoma omu 14, na mpya ilisoma omu 1.

Nilipima waya wa zambarau kabla ya kuunganisha bodi kuu, kwa kuwa mlinionya kwamba volti zinaweza kupanda. Leo saa moja asubuhi, nikiwa bado na koti, umesoma volti 5.08, na feni imezunguka mara ya kwanza. Zile tatu ni za nyuzi 85. Nimeagiza nyingine kutoka Kariakoo.