Kuibiwa mtungi wa gesi ndiyo kukosa uanaume? Yule afande wa mkutano wa leo ANITAFUTE

Wakuu, natoka mkutanoni sasa hivi, sijavua hata viatu. Mkono unatetemeka, msinisahihishe herufi.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa nyota mbili begani, tumbo linafika kikaoni dakika tano kabla yake. Kaja uwanja wa shule ya msingi na turubai, spika mbili na bango la polisi jamii. Mwenyekiti wa mtaa kavaa suti kwenye jua hili la Dar, anachuruzika kama katoka kuogeshwa. Tukaambiwa polisi ni ndugu yako, uliza chochote, usiogope.

Nikauliza chochote.

Nikasema nimeibiwa mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo sita. Umetolewa jikoni usiku, sufuria ya maharage iliyokuwa juu yake imewekwa chini, imefunikwa vizuri (mwizi ana adabu kuliko afande). Nilikwenda kituoni, nikapewa RB (namba ya taarifa ya polisi), huu mwezi wa tatu sijapigiwa hata simu. Nikauliza tu, jamani, suala langu limefikia wapi?

Afande kashika kipaza sauti. Kanipandisha, kanishusha. "Wewe mwenye shati la bluu. Mwanamume mzima umelala mpaka mtungi unatoka jikoni, mkeo analindwa na nani?"

MKEO ANALINDWA NA NANI. Kwenye spika mbili! Mpaka makonda kituo cha daladala wamesikia. Uwanja mzima hoi, hata watoto wa chekechea wanagaragara. Mama mkwe alikuwa kiti cha plastiki safu ya pili. Hakucheka. Alitikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu.

Halafu eti kunipoza, nikapewa filimbi. Nikiona mwizi nipulize! Na nikaandikishwa mchango wa ulinzi shirikishi, elfu mbili kila mwezi. Nimekwenda na shida ya mtungi, nimerudi na deni na filimbi.

Mkeo analindwa na nani. Nimepita gengeni, muuza nyanya ananiuliza, "Shemeji yuko salama?" Nimefika nyumbani, mke mwenyewe kanywa maji, katulia, kasema, "Ila swali lake lilikuwa la msingi."

Dawati la Jinsia na Watoto lipo, nalijua. Baba aliyevuliwa nguo kwenye spika aende dawati gani?

Kitumbua cha Jana: Nimesoma yote nikitafuta kosa la afande. Kwani analindwa na nani?

Mzee wa Kona: Uzi usifungwe, jibu bado halijatoka.

Binti Kigoda: Nilikuwepo. Mleta uzi kaficha jambo. Ile filimbi aliijaribu palepale mbele ya watu, haikulia.

Mleta uzi: Ilikuwa na mchanga ndani!!

Binti Kigoda: Haya baba.

Mchoma Mahindi: Mkuu pole. Ila sufuria ya maharage iliyofunikwa vizuri... huyo mwizi anakula kwenu. Anza na shemeji zako.

Toyo Usiku: Nyie mnalia na mitungi. Bunge liliposhusha faini yetu bodaboda 2021, toka 30,000 hadi 10,000, tulipiga honi mtaa mzima. Juzi tukaitwa semina ya usalama barabarani, soda bure, tukafundishwa kofia ngumu ni uhai. Semina imeisha saa nane. Saa nane na robo walewale waliotufundisha wamesimama kwenye kona, naandikiwa, abiria wangu hana kofia. Abiria ni mjumbe niliyetoka naye semina!

Mzee wa Kona: Hiyo soda ndiyo ya elfu kumi.

Mtemi Mstaafu: Kwetu Usukumani miaka ya 1980 sungusungu walianza bila turubai wala spika. Mwizi wa ng'ombe alikuwa akisikia pembe inalia anahama wilaya.

Kitumbua cha Jana: Babu, Dar ng'ombe wako wapi? Huku zinaibwa mita za maji.

Mama Wawili: Tena umenikumbusha. Tangu lile balaa la panya road 2022, wale vijana wa mapanga, nachanga ulinzi kila mwezi, risiti ninazo kwenye kopo. Walinzi wenyewe usiku wako kibanda cha chipsi. Siku ya Simba na Yanga mwizi anaweza kuja na kirikuu, akapakia kitanda na wewe juu yake.

Toyo Usiku: Ile mechi refa alitubeba au hakutubeba, semeni ukweli.

Mchoma Mahindi: Aliwabeba mgongoni na mbeleko.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mkeo analindwa na nani, hiyo ni lugha ya mtumishi wa umma?

Toyo Usiku: Subiri kwanza mkuu, huyu kasema mbeleko.

Fundi Jiko: Samahani kutoka nje ya mada. Nauza mtungi wa kilo sita, gesi nusu, elfu ishirini na tano. Niko Mbagala.

Mleta uzi: Chini kwenye mguu una alama ya rangi ya kucha, nyekundu?

Fundi Jiko: Mkuu mbona maswali ya kipolisi?

Kitumbua cha Jana: Mleta uzi, puliza filimbi.

Mama Wawili: Ishirini nachukua leo. Kichomeo kipo?