Wauza betri za lithiamu, acheni kutuunguzia inveta halafu mseme ni za kizamani!

Wakuu habari zenu. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Duka la sola linakuuzia betri ya lithiamu kwa mamilioni. Halikuulizi una inveta gani, halikupi hata kikaratasi cha setingi, halafu mambo yakiharibika unaambiwa, "Bosi, inveta yako ni ya kizamani, nunua mpya." Na hiyo mpya wanayo wao, ipo pale pale kaunta. Wanatupiga mchana kweupe na wamezoea.

Mimi niko kisiwani, Ziwa Victoria upande wa Kagera. Gridi haijafika huku, kila mtu na paneli zake. Nina friza mbili za barafu kwa ajili ya wavuvi wa mwaloni, soda za baridi, taa na kuchaji simu za watu. Inveta, ile mashine inayochaji betri kwa sola na kugeuza umeme wake uwe wa kutumia nyumbani, ni ile ya kilowati 5, volti 48, imefanya kazi miaka na betri nne za gel (jamii ya betri za risasi) za Ah (ampea-saa) 200 bila kunisumbua. Gel zikachoka. Nikaenda duka moja kubwa Mwanza mjini, nikawaeleza vizuri kabisa nina inveta ya zamani, nikawaonyesha na picha. Jibu: "Gel unatoa, hii unachomeka, umemaliza." Nikalipa betri ya volti 51.2, Ah 100, pamoja na hela ya fundi na nauli yake ya boti.

Huyo fundi, kijana mstaarabu tu na namlaumu zaidi aliyemtuma, alipogusisha waya wa chanya cheche ikaruka paa! Betri ikajizima. Akagusisha tena, cheche tena. Akagonga hivyo hivyo mpaka ikakubali, na kichwa cha ule waya hadi leo kimelika na kuwa cheusi. Ndani ya inveta kuna kapasita kubwa, vifaa vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi. Zikiwa tupu zinavuta umeme mwingi kwa mpigo, na BMS, ile bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, inadhani kuna shoti inakata. Unatakiwa upitishe umeme kwanza kwenye rizista, kidude cha kupunguza kasi ya umeme, kwa sekunde chache, kapasita zijae taratibu, ndipo ufunge waya. Rizista yenyewe haizidi bei ya soda. Hakuwa nayo. Akakaza nati, akapiga picha ya kumtumia bosi wake, akawahi boti. Menyu ya inveta hakuigusa kabisa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kesi. Inveta ilikuwa imeachwa kwenye FLD, yaani setingi ya betri za risasi za maji, na EQ, ile ya kusawazisha betri kwa volti kubwa, imewashwa. Kwenye inveta za aina hii FLD inachaji mpaka volti 58.4. Betri ya volti 51.2 ina seli 16. Gawanya: volti 3.65 kwa kila seli. Hicho ndicho kikomo cha mwisho kabisa cha seli ya lithiamu ya chuma na fosfati, hakuna nafasi ya kupita hapo. Na seli 16 hazifiki juu kwa pamoja hata siku moja, lazima iwepo moja inayotangulia. Ikishapita kikomo, BMS inakata betri yote. Wakati huo paneli bado zinasukuma ampea kibao na hazina pa kwenda, kwa hiyo volti ndani ya inveta zinaruka ghafla.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu kila jua lilipokolea. Inveta inapiga alamu, inazima, friza zinazima, inawaka tena, inazima. Nikapiga simu dukani, wakaniambia "betri inajizoeza." Betri inajizoeza! Mwisho wake mlio mmoja mkubwa, moshi, harufu ya bodi ya inveta imejaa chumba kizima, na barafu ya wateja imekuwa maji.

Nikawapelekea video. Wakanijibu waranti ya betri imekufa kwa sababu nimeitumia na kifaa kisichofaa, na inveta haiwahusu kwa kuwa sikuinunua kwao. Kifaa hicho hicho walichokiona kwenye picha kabla hawajapokea hela yangu!

Na hiyo habari ya "kizamani" ni uongo. Fundi mmoja wa huku visiwani, hana duka wala bango, ana mkoba na multimita yake, ameibadilisha bodi na ile inveta ya zamani inafanya kazi sasa hivi na betri ile ile. Zaidi ya hiyo bodi, alichobadilisha ni namba kwenye menyu tu. Namba 05, aina ya betri, akaitoa FLD akaweka USE, yaani unajiwekea volti mwenyewe. Namba 26, volti za kujaza, akaweka 56.0. Namba 27, volti za kushikilia baada ya kujaa, 54.0. Namba 29, pa kukatia betri ikiisha, 48.0. Namba 30, EQ, akazima kabisa, maana kusawazisha kwa volti kubwa ni dawa ya betri za maji na lithiamu inaumia. Namba 02, ampea za kuchajia, akaipunguza iwe ampea 50, nusu ya Ah za betri. Amemaliza kabla chai haijapoa. Duka zima la Mwanza limeshindwa kitu hicho.

Mwenye inveta kama hii asikopi namba zangu bila kusoma kibandiko cha betri yake. Kikisema 51.2 ni seli 16. Kikisema 48.0 mara nyingi ni seli 15, na ukiiwekea 56.0 unaiumiza, hiyo kujaa kwake ni kama 52.5 hivi. Wauzaji wanaziita zote "betri ya 48" na wanaziweka rafu moja. Mteja atajuaje?

Upande wa chini nao wanatuacha gizani. Inveta imetoka kiwandani na kikomo cha volti 42. Kwa lithiamu hiyo ni volti 2.6 kwa seli, betri imeshakauka, na seli dhaifu itakuwa imefika 2.5 zamani, BMS imekata yenyewe usiku wa manane. Ikishakata, asubuhi jua lipo na chaji haiingii, kwa sababu chaja nyingi za zamani hazianzi mpaka zihisi volti za betri. Kuna jirani yangu aliambiwa betri yake imekufa na akaambiwa anunue nyingine. Ilikuwa imelala tu! Imeamshwa kwa chaja ya pembeni na inapiga kazi mpaka leo.

Na zile asilimia kwenye skrini ya inveta ya zamani zisiwadanganye. Zinakisia kwa volti, kwa mahesabu ya betri za risasi. Lithiamu kati ya asilimia 30 na 90 volti zake zinatembea moja na kidogo tu, kwa hiyo skrini inasema chochote. Nunua mita ya shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kuna jingine: wati 5,000 gawanya kwa volti 51.2 ni karibu ampea 98, bado hasara ya inveta yenyewe. BMS ya betri hii ni ya ampea 100. Friza mbili zikianza kuwaka kwa mpigo mmoja na pampu, imekata. Walipaswa waniambie niwe na betri mbili sambamba au nipunguze mzigo. Hawakusema neno.

Sikatai, inveta mpya zina waya wa mawasiliano, CAN au RS485, betri inaiambia inveta inataka volti ngapi na ampea ngapi. Ni kitu kizuri. Ila hata hizo wanauza bila waya, au waya ambao pini zake hazilingani na betri, mteja anaishia pale pale.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. "Unachomeka, umemaliza" ni kupotosha, na meseji zao ninazo zote. Nimeshaandaa barua ya kwenda Tume ya Ushindani (FCC), na mdau mwenye kesi inayofanana anitafute tuiunganishe. Ninachodai ni gharama ya bodi, waranti ya betri irudi kwa maandishi, na fundi wao arudi huku kwa nauli yao aje abadilishe ule waya ulioungua.

Duka silitaji kwa sasa. Wenyewe wanasoma hapa na wanajijua. Wana mpaka Ijumaa.