MJADALA: Fedha ya usharika ikae benki, au ianze na wenye shida?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Naleta hili maana kwetu limewagawa wazee wa kanisa. Usharika wetu wa Kilutheri una akaunti ya ujenzi, na imetuna kiasi. Mmoja wetu akapendekeza tutoe sehemu ya kumi kwa diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, tuwakatie bima ya afya wajane na wazee wasio na wa kuwatazama. Wenzake wakamkatalia. "Tukifungua mlango huo hatutaufunga," wakasema. "Tulichonacho hakitoshi hata bati."

Mimi niko upande wa mtoa hoja, na nasema wazi kwamba kilichozungumza pale ni hofu.

Waisraeli jangwani walipewa mana kila asubuhi, pishi moja kwa kichwa. Waliolaza akiba hadi kesho yake waliikuta ina mabuu na inanuka (Kutoka 16). Watu huishia hapo. Lakini Paulo alipokuwa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliirudia habari hiyo hiyo: aliyekusanya vingi hakuzidiwa, na aliyekusanya vichache hakupungukiwa (2 Wakorintho 8:15). Kwa hiyo kwa Paulo mana ni suala la mchango, la nani amezidisha na nani amepungukiwa leo.

Aliyehudhuria mnada wa mazao baada ya ibada ataelewa haraka. Juzi bibi mmoja alileta mayai matano kwenye kibakuli, kayafunika kwa kitambaa, maana hakuwa na hela ya bahasha. Kijana akayanunua kwa sh. 5,000, akasema yauzwe tena. Mama wa kwaya akatoa 4,000, naye akayarudisha mezani. Wa tatu akatoa 2,000 na kuagiza apelekewe mzazi aliyejifungua wiki ile. Mayai matano yakaingiza 11,000, na jioni yakaliwa. Bibi alikaa benchi la nyuma, mkono mdomoni, anacheka. Tunafanya hivi Jumapili kwa Jumapili, kisha Jumatatu tunakaa kikaoni na kusema hakuna kitu!

Najua nitajibiwa kwa Yusufu, aliyeweka akiba miaka 7 ya shibe. Ni kweli, na akiba si dhambi. Ila endeleeni hadi Mwanzo 47: nafaka ile iliuzwa, watu wakamaliza fedha, wakatoa mifugo, mwisho wakatoa mashamba na miili yao kwa Farao. Ghala liliokoa roho za watu, na ghala hilo hilo likawafanya watumwa. Nani ameshika ufunguo, na anamfungulia nani? Swali hilo baraza letu halijaliuliza.

Wengine watasema naleta mahubiri ya kupanda mbegu. Hapana, na hili linaniuma. Jirani yangu alitoa kodi ya nyumba madhabahuni kwa kuahidiwa itarudi mara mia. Mwezi uliofuata alikuwa anakopa unga. Aliyemfundisha hivyo alimfundisha woga, kwamba Mungu hatoi mpaka alipwe kwanza. Kwenye Yohana 6 yule mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri hatusomi kwamba alirudishiwa mikate mia. Walikula wote, wanaume wapata 5,000, na Yesu akaagiza makombo yakusanywe kisipotee kitu: vikapu 12. Anayekusanya makombo si mfujaji, kwa hiyo anayeniambia imani hii haina hesabu sikubaliani naye.

Bati linavuja, sikatai. Masika iliyopita tulisogeza mabenchi katikati ya ibada. Lakini tisa ya kumi ya fedha ingebaki palepale kwa ajili ya bati.

Naomba hasa waliowahi kukaa kwenye mabaraza ya wazee waseme. Kama kwenu mlijaribu kutenga fungu la diakonia ujenzi ukiwa haujaisha, sadaka ilishuka au ilipanda? Na kama mlikataa, wale wajane na wazee wahitaji mlisema nao nini? Kwetu kikao kingine ni mwisho wa mwezi, na bibi wa mayai ni mmoja wa waliokuwa kwenye orodha ile ya bima.